Kutafiti Kura na Sera Mwambaoni mwa Ziwa Victoria: Mwongozo kwa Mtafiti Anayeanzia Mwanza

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anayeleta pendekezo la utafiti lenye kichwa kama "Sababu zinazowafanya wananchi wa Mwanza kupiga kura" huwa ameshakosea mara mbili kabla hajaandika swali la kwanza la dodoso: hajasema ni sera ipi anayoipima, wala hajasema ni mwananchi yupi atakayemkuta siku atakapobisha hodi. Kosa la kwanza hurekebishwa mezani kwa muda wa jioni moja. La pili ni gumu zaidi, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu, kwa sababu kandokando ya ziwa mtu anaweza kulala kisiwani, kuuza mjini na kuwa ameandikishwa kupiga kura katika kijiji alichozaliwa, na mtafiti asiyeujua mzunguko huo atawahoji waliobaki nyumbani akidhani amewahoji wapiga kura.

Sera moja, inayogusa baadhi na kuwaacha wengine

Chagua sera ambayo mipaka yake inaonekana kwa macho. Sera iliyomgusa kila mtu kwa kiwango kile kile haitakupa wa kumlinganisha na mwenzake, hata kama ni sera kubwa na yenye mjadala mwingi. Mkoa wa Mwanza, kwa bahati nzuri, una sera nyingi zenye mipaka ya namna hiyo. Mwaka 2018 Serikali iliendesha Operesheni Sangara, ambamo nyavu haramu zilichomwa moto na waliokamatwa nazo wakatozwa faini. Operesheni hiyo iliwagusa watu wa mialoni, yaani mahali mitumbwi inapofikia na samaki kushushwa, lakini mkulima wa pamba wa Kwimba aliisikia redioni tu. Mwishoni mwa mwaka 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara za mijini, nasi tuliokuwa tukipita Makoroboi tunakumbuka jinsi mtaa ulivyobadilika sura. Sera hiyo ilimgusa muuzaji, mteja wake na mwenye duka aliyelalamika kwamba mlango wake umezibwa, kila mmoja kwa namna yake. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lilimwondolea mkazi wa Sengerema na Buchosa adha ya kusubiri kivuko, ilhali mkazi wa Ukerewe angali akitegemea chombo cha majini ili kufika mjini.

Mfano wa daraja unafaa kufikiriwa zaidi, kwa sababu unaibua swali ambalo watafiti wengi hulisahau: mwananchi anampa nani sifa? Ujenzi ulianza chini ya rais mmoja na kukamilika chini ya mwingine, fedha zilitoka serikali kuu, na mbunge wa eneo hilo naye alisimama majukwaani kuueleza mradi huo kama tunda la juhudi zake. Ukiuliza tu iwapo mhojiwa ameridhika na daraja, kisha ukahusisha jibu lake na kura aliyopiga, utakuwa umeruka hatua ya katikati. Muulize kwanza ni nani, kwa maoni yake, aliyelileta daraja hilo, na umwachie ajibu kwa maneno yake mwenyewe bila kumsomea orodha ya kuchagua.

Kwamba sera huweza kubadilisha mienendo ya watu kwa kina si jambo la kubahatisha katika kanda hii. Mchumi wa Marekani, Edward Miguel, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2004, alilinganisha wilaya ya Busia nchini Kenya na ya Meatu, ambayo sasa imo katika Mkoa wa Simiyu, jirani zetu kabisa. Aliona kwamba upande wa Kenya mchanganyiko wa makabila uliambatana na michango hafifu ya shule, wakati upande wa Tanzania uhusiano huo haukujitokeza, naye akaihusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Unaweza kubishana na hitimisho lake, lakini jifunze mbinu yake: alitafuta maeneo mawili yanayofanana kwa mengi na kutofautiana kwa jambo moja analolitafiti.

Kabla ya kwenda uwandani, soma tarakimu vizuri

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika takwimu rasmi, waliojitokeza kupiga kura ya urais nchini walikuwa takribani asilimia 43 mwaka 2010, asilimia 67 mwaka 2015 na asilimia 51 mwaka 2020. Anayesoma asilimia hizo peke yake ataandika kwamba mwaka 2020 wananchi walisusa, na ataanza kutafuta sababu za kususa. Lakini tazama idadi zenyewe. Kura zilizopigwa zilikuwa takribani milioni 8.6 mwaka 2010, milioni 15.6 mwaka 2015 na milioni 15.1 mwaka 2020, wakati walioandikishwa walikuwa milioni 20.1, kisha milioni 23.2, kisha milioni 29.8. Maana yake ni kwamba kati ya 2015 na 2020 wapiga kura walipungua kwa nusu milioni tu. Kilichobadilika zaidi ni daftari, lililoongezeka kwa zaidi ya watu milioni sita. Swali sahihi basi si tu kwa nini watu waliacha kupiga kura, bali pia ni akina nani hao walioandikishwa wasiende, na ni wangapi miongoni mwao walikuwa wamehama, wamefariki au walijiandikisha kwa ajili ya kupata kitambulisho. Kadi ya mpiga kura kwa miaka mingi imemsaidia mtu kujitambulisha pale asipokuwa na kitambulisho kingine, na mtu aliyeichukua kwa ajili hiyo hana deni na sanduku la kura.

Kwa hiyo piga hesabu mara mbili kila mara: waliopiga kura kwa walioandikishwa, na waliopiga kura kwa watu wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi kwa mujibu wa sensa. Hesabu hizo mbili zikikupa picha mbili zinazopingana, andika zote mbili na ueleze.

Angalia pia mipaka ya kiutawala. Mkoa wa Mwanza wa mwaka 2010 si ule wa mwaka 2015, kwa kuwa mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita na Simiyu. Geita ikaondoka nzima, na Busega ikamegwa kutoka Magu. Ilemela nayo ikatenganishwa na Nyamagana na kuwa na halmashauri yake. Mtu anayechora mstari wa "kura za Mwanza" kutoka 2005 hadi 2020 bila kusahihisha hayo anachora mstari wa nchi mbili tofauti. Shuka hadi ngazi ya jimbo, na inapowezekana hadi kata, ukiwa na orodha ya kata zilizogawanywa.

Ukishuka hivyo utaona mambo ambayo ngazi ya mkoa huyaficha. Mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana, Ilemela na Ukerewe yote yalichukuliwa na CHADEMA. Mwaka 2015 mawili ya mjini yalirudi CCM, na la visiwani likabaki upinzani. Kwa nini visiwa vilibaki pale ambapo jiji liligeuka? Hilo ni swali la utafiti lililokamilika, tena lenye sera za uvuvi na usafiri wa majini ndani yake. Jihadhari tu usilijibu kwa matokeo ya jimbo peke yake. Kata yenye wavuvi wengi kuupa upinzani kura nyingi hakuthibitishi kwamba wavuvi ndio waliozipiga. Huenda waliozipiga ni walimu, wachuuzi na vijana wa bodaboda wa kata hiyo hiyo, na wavuvi walikuwa majini.

Nani atakuwa nyumbani?

Tuchukue kwamba unafanya utafiti wa mkoa mzima. Kwa kosa la asilimia tano kila upande na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, sampuli ya kubahatisha iliyo nyepesi kabisa huhitaji watu 385. (Kanuni ya Yamane, fomula ya kukokotoa ukubwa wa sampuli inayopendwa na wanafunzi wetu, huleta takribani 400 kwa idadi kubwa ya watu, na nimechoka kuona ikiwekewa kosa la asilimia kumi kwa sababu tu hilo huishusha hadi 100.) Lakini hutaokota watu mmoja mmoja mkoa mzima; utachagua maeneo, kisha watu ndani ya maeneo, na watu wa eneo moja hufanana. Ukizidisha 385 kwa 1.5 ili kufidia mfanano huo utapata kama 580, hivyo panga watu 600: maeneo 75 ya kuhesabia watu, kila moja watu wanane. Wanane ndio idadi inayotumiwa na Afrobarometer, mradi wa kupima maoni ambao hapa nchini umekuwa ukiendeshwa kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti ya REPOA, na uzoefu unaonyesha kwamba timu ndogo huweza kuikamilisha kwa siku moja.

Gawa mkoa katika matabaka kabla ya kuchagua: jiji na Ilemela, vijiji vya mwambao, visiwa, na bara ya ndani kama Kwimba na Misungwi. Chagua maeneo ndani ya kila tabaka kwa uwiano wa idadi ya watu wa sensa ya 2022, iliyohesabu watu 3,699,872 katika mkoa huu. Visiwa vitakuwa na sehemu ndogo, kwa hiyo ukitaka kusema lolote kuvihusu uchukue watu zaidi huko na uwapunguzie uzito wakati wa uchambuzi.

Mpaka hapo kitabu chochote cha mbinu kingekusaidia. Yafuatayo hutayapata humo.

Mjini, milima ya mawe ndiyo inayodanganya. Mdodosaji aliyeambiwa ahesabu nyumba tano kisha aingie ya sita, akifika Igogo au Mabatini, atahesabu zile zilizo kandokando ya barabara na kuziacha zilizopanda juu ya miamba, kwa sababu kupanda kunachosha na njia hazina majina. Wanaoishi juu mara nyingi ndio wapangaji wa kipato cha chini na wanaobeba maji kichwani, yaani wale ambao sera ya maji inawahusu kuliko wengine. Mpe mdodosaji ramani yenye alama ya mahali pa kuanzia huko juu, na mtume ateremke badala ya kupanda.

Mialoni tatizo ni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, hivyo hufanya kazi siku za giza na kupumzika siku za mbalamwezi. Katika utafiti wangu wa kwanza wa mwambao nilijiona mwerevu kwa kupanga mahojiano ya mwalo wakati wa mbalamwezi, nikidhani nitawakuta mabaharia wamepumzika. Nilikuta kambi ziko kimya: mabaharia, ambao wengi wao hutoka wilaya nyingine, walikuwa wameenda kwao, na waliobaki ni matajiri wenye mitumbwi, wasimamizi na kina mama waliokuwa wakimalizia kuanika na kufunga dagaa. Majibu niliyoyapata kuhusu nyavu na ushuru yalikuwa ya wenye mali, nami nikayaandika kama ya "wavuvi" hadi msimamizi wangu aliponiuliza swali moja dogo kuhusu tarehe. Tangu hapo mimi huenda siku za giza, saa za alasiri, baada ya mabaharia kuamka na kabla hawajaanza kupakia taa. Asubuhi wamelala, na kumwamsha mtu aliyekesha ziwani ili umuulize kuhusu mbunge wake ni kuomba tusi. Wavuvi wa sangara hawafuati mwezi kwa kiasi hicho, nao hupatikana baada ya kuuza samaki wa asubuhi.

Kambi nayo si kaya. Kanuni ya "chagua kaya, kisha chagua mtu mzima mmoja ndani yake" huvunjika pale watu kumi na wawili wanapolala chini ya paa moja bila kuwa ndugu. Zihesabu kambi peke yake, orodhesha waliolala humo usiku uliotangulia, na uchague kutoka katika orodha hiyo. Kisha uliza maswali matatu ambayo nayaona ya lazima katika utafiti wowote wa mwambao: umelala hapa siku ngapi katika mwezi uliopita, umeandikishwa kupiga kura wapi, na siku ya uchaguzi ulikuwa wapi. Mara nyingi majibu ya maswali hayo matatu hueleza kutopiga kura vizuri zaidi kuliko ukurasa mzima wa maswali kuhusu imani kwa vyama.

Maneno ambayo mhojiwa anayasikia tofauti na wewe

Neno "sera" liondoe kwenye dodoso. Darasani lina maana ya mwelekeo rasmi wa serikali kuhusu jambo fulani. Mtaani, sera ni kitu kinachomwagwa jukwaani. Ukimuuliza mama wa Igoma ni sera gani iliyomfanya amchague mgombea, atakueleza ahadi alizozisikia kwenye kampeni, si yale yaliyotekelezwa. Taja kitu chenyewe: maji kutoka bombani, ada ya shule, ushuru wa mwaloni, mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, zinazogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. "Siasa" pia ni neno la kuangalia, maana kwa wengi hiyo ni namna ya kusema uongo kwa heshima, na mtu atakujibu kwamba hapendi siasa wakati huo huo akikueleza kwa dakika ishirini jinsi diwani anavyogawa nafasi za vibanda. Zaidi ya yote, usichukulie kwamba mhojiwa anatenganisha serikali na chama tawala. Weka swali linalopima iwapo anavitenganisha, kwa sababu anayeviona kitu kimoja ataisifu au kuilaumu serikali kwa sababu za chama, na kinyume chake.

Dodoso liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mahali ambapo wazee hujisikia huru zaidi kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara, wadodosaji wakubaliane mapema juu ya tafsiri moja na kuiandika, badala ya kila mmoja kutafsiri papo kwa papo kwa ufundi wake.

Hofu ni sehemu ya data

Watu husema walipiga kura hata pale ambapo hawakupiga. Hilo limeonekana katika nchi nyingi, na hupunguzwa kwa kumpa mhojiwa njia ya heshima ya kukiri, kwa mfano kuanza swali kwa kusema kwamba watu wengi walishindwa kufika kwa sababu ya kazi, safari au ugonjwa. Kwa kura za serikali za mitaa ongeza swali la kwanza: je, mtaani kwenu kura zilipigwa? Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na sehemu nyingi mgombea alipita bila kupingwa. Kumwandika mkazi wa mtaa huo kama "asiyeshiriki" ni kumwonea.

Kumuuliza mtu alimpigia nani ni jambo zito zaidi, hasa baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambao CHADEMA haikushiriki na ambao uliambatana na machafuko na kuzimwa kwa intaneti. Usilazimishe swali hilo kwa mdomo. Mpe mhojiwa karatasi mfano wa kura, aweke alama akiwa amegeuka, aikunje na kuitumbukiza katika boksi lililofungwa, karatasi ikiwa na namba ya dodoso tu. Njia nyingine ni ya orodha: nusu ya wahojiwa husomewa kauli tatu za kawaida, nusu nyingine husomewa hizo hizo pamoja na ile nyeti, na kila mmoja hutaja idadi ya zinazomhusu bila kuzitaja, tofauti ya wastani wa makundi hayo ndiyo makadirio yako. Njia hii ni salama, lakini ni ghali. Ukiwa na watu 300 kila upande, kosa laweza kufika takribani pointi 15 za asilimia juu na chini, kwa hiyo haitakuonyesha jambo dogo.

Mwishoni mwa kila mahojiano muulize mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma. Afrobarometer huliuliza swali hilo, na watu wengi hutaja serikali hata baada ya kuelezwa vinginevyo. Linganisha majibu ya wanaodhani hivyo na ya wengine. Tofauti ikiwa kubwa, iseme katika ripoti. Wadodosaji nao wasivae kijani na njano, wala rangi za chama kingine, hata kama ni kofia ya zawadi. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ambaye ni kiongozi aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama, akupokee na kukutambulisha, kisha mshukuru na umwombe akusubiri ofisini. Atashangaa, pengine atanuna, lakini mahojiano yaliyofanyika yeye akiwa ameketi kwenye kigoda pembeni hayana thamani.

Vibali vinachosha kuliko vinavyotatanisha. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, wa mtaa au kijiji. Mtafiti asiye raia huanzia COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Tenga wiki kadhaa na ubebe nakala nyingi. Soma Sheria ya Takwimu pamoja na marekebisho yake ya 2018 na 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa kuwa maoni ya kisiasa ya mtu ni taarifa nyeti. Usichukue jina wala namba ya simu usiyoihitaji, na alama za mahali zilizorekodiwa na kishikwambi zifutwe au zipanuliwe hadi ngazi ya kata kabla faili halijamfikia mchambuzi.

Kulinganisha kabla na baada

Ikiwa una matokeo ya kata kwa chaguzi mbili, unaweza kuangalia iwapo kata zenye mialo zilibadilika tofauti na zisizo na mialo baada ya Operesheni Sangara. Ni njia nzuri, ila inasimama juu ya sharti kwamba bila operesheni hiyo makundi yote mawili yangeenda sambamba. Kati ya 2015 na 2020 mambo mengi yalibadilika kwa wakati mmoja, ikiwemo mikutano ya hadhara ya vyama kuzuiwa kuanzia 2016, zuio lililoondolewa Januari 2023. Kata za mwambao na visiwa, ambako chama hutegemea zaidi mkutano wa hadhara mwaloni, huenda ziliumizwa zaidi na zuio hilo kuliko kata za bara, na hapo utakuwa umepima zuio ukidhani umepima nyavu. Jaribu hesabu hiyo hiyo kwa 2010 na 2015, kabla ya operesheni. Ikikuonyesha "athari" hata wakati ambao sera haikuwepo, rudi mezani.

Ripoti ikishakamilika, chapisha muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na uurudishe kule ulikoutoa, ukianzia ofisi ya kata na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika. Usiutume kwa barua pekee. Omba nafasi katika kikao chao, na uombe kiwe siku za giza, alasiri, kabla taa hazijapakiwa mitumbwini.